SOMO LA UFUNDI NA HESABU: BAMBA BAPA JUU YA KIUNZI CHA MVIRINGO



Somo la toleo hili limetokana na kosa langu mwenyewe. Nalileta mbele yenu kwa sababu laweza kufanywa na mkaguzi yeyote, mjumbe yeyote wa Bodi, na mtunza hazina yeyote ajuaye kuzidisha urefu kwa upana lakini hajapata kushika nyundo ya kufulia bamba. Nilipolieleza mara ya kwanza huko Kwedizinga, wilayani Handeni, mbele ya wanachama waliokuwa wakifikiria kuanzisha karakana yao, waliniomba niliandike ili lisomwe pia na vyama vingine. Vikundi vya kujifunza vyaweza kuligawa kwa mikutano miwili: wa kwanza juu ya ufundi, wa pili juu ya hesabu. Mwishoni yako maswali ya mazungumzo.

1. Mabamba matatu yasiyo na maelezo

Chama kimoja cha ushirika cha mafundi, katika eneo letu hili la Handeni na Korogwe, kilipokea kazi ya kujenga upya kichwa cha lori kuukuu la chama cha msingi. Sitavitaja vyama hivyo. Kiunzi cha chuma kilikuwa kimekwisha kutengenezwa na kusimama imara, lakini mabamba ya juu yake yalikuwa yameliwa na kutu: paa, pembe za paa, milango, na madigadi mawili ya mbele. Mapatano yalikuwa ya bei moja. Chama kinunue mabamba, kifanye kazi yote, kisha kilipwe jumla iliyoandikwa katika mkataba. Kwa hiyo kila bamba lililozidi lilitoka katika mifuko ya wanachama wenyewe.

Bodi ilikuwa imepanga kununua mabamba manne ya unene wa milimeta 1.2, yale ambayo mafundi huyaita shiti za geji 18. Kazi ilipomalizika, hati za malipo zilionyesha mabamba saba.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilichukua utepe, nikapima uso wote wa kiunzi, nikapata mita za mraba 10.4. Bamba moja lina urefu wa meta 2.44 na upana wa meta 1.22, yaani karibu mita za mraba 2.98. Nikagawa, nikapata mabamba matatu na nusu. Basi nikaandika katika taarifa yangu: "Mabamba matatu hayana maelezo. Fundi Mkuu atakiwe kueleza."

Hesabu ilikuwa sahihi, na sentensi ilikuwa ya adabu. Lakini Bodi ilipoisoma ilimnyang'anya Fundi Mkuu ufunguo wa karakana siku ile ile, ikasimamisha malipo yake. Kabla wiki haijaisha, maneno "hayana maelezo" yalikuwa yamegeuka sokoni kuwa "yameibwa". Mzee yule alikuwa amefanya kazi ya bamba kabla mimi sijaanza shule. Vijana wake watatu wa mafunzo waliacha kuja kazini, wakiogopa kuhesabiwa pamoja naye.

Nilimwendea nyumbani kwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bwana Mkaguzi. Umekuja kutazama mabamba uvunguni mwa kitanda?"

"Nimekuja kuuliza, Mzee, jambo ambalo ilinipasa niulize kabla sijaandika."

Alinyamaza kitambo. Kisha akamwita mjukuu wake, akamtuma alete chungwa na kisu. Akanipa mimi.

"Limenye, mwanangu. Ganda litoke zima."

Nikalimenya kwa uangalifu.

"Sasa lilaze juu ya meza liwe bapa kama karatasi."

Nililikandamiza upande mmoja, likapasuka upande wa pili. Kila nilipolilazimisha kulala, lilichanika ukingoni.

"Basi," akasema, "kama ganda halikubali kuwa karatasi, karatasi nayo itakubalije kuwa ganda? Wewe ulipima chungwa, ukaninunulia karatasi."

2. Kwa nini ganda hukataa kulala

Chukueni karatasi. Mwaweza kuizungusha ikawa bomba, au ikawa koni kama ile ya kufungia karanga. Kwa namna zote mbili hakuna mahali karatasi iliporefuka wala kufupika. Imepinda tu, na ukiiachia hurudi bapa. Huo tutauita mpindo wa njia moja. Ndio mpindo wa pipa, wa bomba la moshi, wa mfereji wa maji ya mvua, wa kihenge cha chuma cha kuhifadhia mahindi, na wa faneli ya mashine ya kusaga. Kwa vitu vya namna hii, hesabu ya urefu mara upana, pamoja na nyongeza ya maungio na mabaki, yatosha.

Sasa chukueni karatasi ile ile mkaifunike juu ya chungwa. Itagusa katikati, lakini ukingoni itajaa mikunjo, kwa maana karatasi ni nyingi kuliko nafasi iliyopo. Huo ni mpindo wa njia mbili: uso umepinda mbele na nyuma, na papo hapo umepinda kushoto na kulia.

Mpindo wa njia mbili nao ni wa namna mbili, na kibuyu chatuonyesha zote. Tumbo la kibuyu limevimba kila upande, kama chungwa. Lakini pale tumbo linapoanza kuwa shingo, uso umebonyea ukiutazama toka juu kwenda chini, ingawa umevimba ukiuzunguka. Umbo hilo ni kama la tandiko la punda. Funikeni karatasi hapo, nanyi mtaona kinyume cha yale ya chungwa: ukingo haujai mikunjo bali hukazika na kuchanika, kwa kuwa sasa karatasi ni chache kuliko nafasi.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Mwaka 1827 mwanahisabati wa Kijerumani, Carl Friedrich Gauss, alithibitisha kwamba uso uliopinda kwa njia mbili hauwezi kulazwa bapa bila kubadilisha urefu mahali fulani. Ndiyo sababu ramani ya dunia iliyotundikwa shuleni haiwezi kuwa ya kweli katika kila jambo. Katika ramani zinazofuata mtindo wa Mercator wa mwaka 1569, kisiwa cha Greenland huonekana kukaribia ukubwa wa Afrika nzima, ilhali Afrika ni kubwa kuliko kisiwa hicho kiasi cha mara 14. Mchora ramani hunyoosha wino. Fundi bamba hana budi kunyoosha chuma.

3. Hesabu ya bakuli

Tuchukue mfano ulio mkali ili jambo lionekane wazi. Twataka bakuli la nusu tufe lenye kipenyo cha sentimeta 60.

Njia ya kwanza: tukipima kwa kamba juu ya mgongo wa bakuli, toka kitovuni hadi ukingoni, tutapata karibu sentimeta 47. Tukate basi bamba la duara ambalo toka kitovuni hadi ukingoni lina sentimeta 47. Mzingo wa duara hilo ni karibu sentimeta 296. Lakini mdomo wa bakuli tunalolitaka una mzingo wa karibu sentimeta 188 tu. Yaani ukingoni pana zaidi ya mita nzima ya chuma ambayo haina pa kukaa. Ama ikusanywe kwa nyundo, ama ikatwe na kutupwa.

Njia ya pili: tukate duara dogo lenye kipenyo cha sentimeta 60, sawa na mdomo wa bakuli, kisha tutanue katikati. Duara hilo lina eneo la sentimeta za mraba 2,827. Bakuli lina 5,655, yaani mara mbili kamili. Chuma hakiongezeki, kikitanuka huwa chembamba. Bamba la milimeta 1.2 litabaki na wastani wa milimeta 0.6. Na kwa kweli halitafika hapo kwa nyundo pekee, kwa sababu bamba la chuma laini likivutwa huelekea kukatika baada ya kurefuka kwa kiasi cha theluthi hivi.

Kwa hiyo fundi mwenye busara hafuati njia moja. Hutanua katikati kidogo, hukusanya ukingo kidogo, na pale palipozidi huligawa bamba vipande viwili au vitatu na kuviunganisha juu ya ubavu wa kiunzi. Kila moja ya njia hizo ina gharama yake: ya muda, ya unene, au ya mabaki. Utepe wangu haukuiona hata moja.

4. Hatua za kazi

Hatua zifuatazo nimezipata kwa Fundi Mkuu yule na kwa mafundi wengine wa karakana nilizozikagua. Mjumbe wa Bodi azijue, si kwa kusudi la kumfundisha fundi, bali apate kufahamu anachokinunulia.

(a) Kukagua kiunzi. Bamba hufuata kiunzi kwa kila kilema chake. Kabla ya kukata lolote, fundi hulaza ufito mwembamba unaopindika juu ya mbavu zote. Palipo na nafasi chini ya ufito, ubavu umezama. Pale ufito unapopandishwa, ubavu umejitokeza. Kusahihisha ubavu ni kazi ya saa moja. Kusahihisha bamba lililokwisha kufungwa ni kazi ya siku.

(b) Kuusoma mpindo. Karatasi ngumu ya kaki hulazwa juu ya sehemu moja moja ya kiunzi. Ikilala vizuri bila mkunjo wala mchaniko, mpindo ni wa njia moja, na bamba litakubali kwa kupindwa tu. Ikijaa mikunjo ukingoni, hapo ni tumbo la kibuyu. Ikikazika ukingoni, hapo ni shingo ya kibuyu.

(c) Kutengeneza kiolezo. Palipo na mikunjo, karatasi hukatwa kwa mkasi toka ukingoni kuelekea ndani, na pande za mkato huachwa zipandane. Kadiri zinavyopandana ndicho kipimo cha chuma kitakachokusanywa hapo. Palipokazika, mkato hufunguka. Kadiri unavyofunguka ndicho kipimo cha chuma kitakachotanuliwa. Fundi huandika vipimo hivyo juu ya karatasi yenyewe. Kiolezo kilichoandikwa hivi kina thamani ya fedha, nacho kitunzwe bohari, kwa sababu lori jingine la aina ile ile laweza kuja mwakani.

(d) Kuchagua mahali pa maungio. Kama kipimo cha kukusanya au kutanua ni kikubwa, bamba ligawanywe. Maungio yakae juu ya ubavu wa kiunzi ili ribiti zipate kushika chuma kinene, na yawekwe mahali maji ya mvua hayatatuama.

(e) Kukata kwa akiba. Bamba hukatwa kubwa kuliko kiolezo kwa sentimeta mbili au tatu kila upande, wala halipunguzwi mpaka limekwisha kuumbwa. Ukingo hutembea wakati wa kufuliwa. Aliyekata kipimo kamili mwanzoni, mwishoni atakuta bamba fupi.

(f) Kutanua. Bamba huwekwa juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, au juu ya gogo gumu lililochimbwa kishimo, likapigwa kwa nyundo ya mti yenye kichwa cha mviringo. Mapigo yawe mepesi, yakaribiane, wala yasirudie mahali pamoja. Pigo zito moja huacha bonde ambalo mapigo mia hayataliondoa.

(g) Kukusanya. Ukingo hukunjwa vikunjo vidogo vidogo kwa koleo, kisha kila kikunjo hupigwa polepole juu ya fuawe hadi chuma kijimeze chenyewe na kuwa kinene zaidi. Kikunjo kisiachwe kulaliana, kwani hapo ndipo ufa utakapoanzia. Kazi hii ni ngumu kuliko kutanua, na ndiyo inayomtofautisha fundi na mwanafunzi.

(h) Kulainisha kwa moto. Chuma kinachopigwa kikiwa baridi huzidi kuwa kigumu, na mwisho hupasuka. Fundi anaposikia mlio wa bamba umebadilika na nyundo inaruka, hulipasha moto mpaka liwe jekundu, kisha huliacha lipoe lenyewe polepole. Aluminiamu haina dalili hiyo ya wekundu; yaweza kuyeyuka ghafla machoni pa fundi. Kwa hiyo mafundi huipaka sabuni ya mche, na sabuni inapogeuka nyeusi, moto huondolewa mara moja.

(i) Kunyoosha uso. Baada ya umbo kupatikana, vibonde vidogo huondolewa kwa nyundo bapa juu ya fuawe yenye mgongo unaolingana na mpindo. Jicho hudanganya, kiganja hakidanganyi. Fundi hupitisha mkono juu ya kitambaa chembamba, na kilema hujulikana.

(j) Kujaribisha na kufunga. Bamba lipelekwe kwenye kiunzi mara nyingi wakati wa kazi. Sheria ni hii: bamba lilale lenyewe. Likilazimishwa kwa bolti, litakaa kimya karakanani, lakini barabarani, juu ya mashimo na makorongo, litachanika kuzunguka matundu ya ribiti. Kwanza lifungwe kwa bolti chache kuanzia katikati kwenda ukingoni, litazamwe, ndipo lipigwe ribiti. Bamba la aluminiamu lisigusane na kiunzi cha chuma bila rangi nzito au mpira katikati, maana vikipata unyevu aluminiamu italiwa upesi.

Na hapa pana onyo juu ya puti. Puti ni ya kuziba mikwaruzo na vibonde vidogo kabla ya rangi. Haiumbi bamba. Puti nene juu ya bamba lisilolala hupasuka na kudondoka kwa mitikisiko ya barabara, na mteja harudi tena.

Juu ya usalama, Bodi inunue glavu, miwani na vizibo vya masikio kabla ya kununua nyundo ya pili. Bamba lililopakwa zinki, kama yalivyo mabati ya kuezekea, lisichomelewe wala kupashwa moto ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wa zinki huleta homa na kifua kubana. Wala mtu asithubutu kuchomelea au kukata kwa moto pipa au tangi lililokuwa na mafuta kabla halijasafishwa kabisa na mtu ajuaye kazi hiyo. Mvuke unaobaki ndani hulipuka.

5. Mizani yatoa ushahidi

Nirudi sasa kwenye mabamba matatu. Baada ya somo la chungwa nilimwambia Fundi Mkuu kwamba nimeelewa, lakini kuelewa kwangu hakutamrudishia ufunguo. Wanachama watataka kuona. Yeye ndiye aliyenipa njia.

"Chuma hakivukizi, Bwana Mkaguzi. Kikipigwa huwa chembamba, kikikusanywa huwa kinene, lakini uzito wake ni ule ule. Leta mizani ya kupimia ufuta."

Mita ya mraba ya bamba la milimeta 1.2 ina uzito wa karibu kilo 9.4. Bamba zima basi ni kilo 28, na mabamba saba ni kilo 196. Kwa bahati kichwa cha lori kilikuwa bado kimefungwa kwa bolti, hakijapigwa ribiti wala rangi. Tulikifungua mbele ya wajumbe wawili wa Bodi na wanachama wengine waliopenda kuja, tukapima kila kipande.

Vipande vya kichwa cha lori vilikuwa na kilo 112. Rundo la mabaki na mabamba yaliyoharibika, ambalo lilikuwa nyuma ya karakana siku zote nami sikulitazama, lilikuwa na kilo 76. Jumla kilo 188. Zilipungua kilo 8.

Tukachambua. Uso wa mita za mraba 10.4 ungehitaji kilo 98. Kilo 14 zilizozidi zilikuwa za mikunjo ya kingo na mapandano ya maungio, nazo ni za lazima. Katika rundo, kilo 56, yaani sawa na mabamba mawili, zilikuwa vipande vya pembe za paa vilivyojaa mikunjo na michaniko. Kilo 20 zilikuwa vipande vya pembeni vilivyobaki baada ya kukata. Na zile kilo 8 vijana wa mafunzo walikiri wenyewe: walikuwa wametengeneza masepeto madogo na miko ya chuma kwa mabaki, wakaviuza gulioni bila stakabadhi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba mabaki nayo ni mali ya chama.

Kwa hiyo ukweli ulikuwa hivi. Kazi ile, hata ikifanywa vizuri, ilihitaji mabamba matano: kilo 112 za kichwa cha lori na kilo 28 za mabaki. Bamba la tano lilikuwa la haki. Kosa lilikuwa la makadirio ya Bodi na la utepe wangu. Bamba la sita na la saba ziliharibika, na hapo Fundi Mkuu hakujitetea. Alisema mwenye lori alikuwa akimhimiza kila siku, naye akajaribu kuumba pembe nzima ya paa kwa kipande kimoja bila kutengeneza kiolezo. Mara ya tatu ndipo alipoigawa pembe vipande viwili, ikakubali.

Niliandika taarifa ya pili, nikaisoma mwenyewe mbele ya mkutano mkuu, nikaeleza kwamba ile ya kwanza iliandikwa kabla ya kuuliza. Mkutano uliamua ufunguo na malipo virudishwe, vijana walipe thamani ya vitu walivyouza, na kiolezo kiwe sharti kwa kila kazi ya mpindo wa njia mbili. Fundi Mkuu alirejea kazini. Lakini maneno yaliyokwisha kutoka sokoni hayarudishwi na taarifa moja, na nilijua hivyo kila nilipopita karakanani.

6. Kuchagua umbo

Kuna jambo jingine ambalo Bodi yaweza kuamua kabla nyundo haijashikwa, nalo ni umbo la kitu chenyewe. Gari la Land Rover, lililotolewa Uingereza mwaka 1948 wakati chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili, liliundwa kwa mabamba ya aloi ya aluminiamu ambayo mengi ni bapa au yamepindwa njia moja tu. Waliolibuni walikwepa gharama ya mashine kubwa za kukandamiza mabamba. Ndiyo sababu hata leo fundi wa kijijini aweza kulitengenezea ubavu mpya. Volkswagen ile ndogo yenye mgongo wa mviringo ni kinyume chake: karibu kila bamba lake lina mpindo wa njia mbili, nalo lilitoka kiwandani kwa kukandamizwa ndani ya kalibu nzito za chuma. Kiwanda kinachotoa maelfu ya magari chaweza kulipia kalibu hizo. Karakana inayotengeneza gari moja kwa mwezi haiwezi.

Basi chama kinapotengeneza tela la trekta, kihenge, au faneli ya mashine, kichague pande bapa na mipindo ya njia moja kila inapowezekana. Mpindo wa njia mbili uachwe kwa pale unapohitajika kweli, kama madigadi yanayopaswa kufuata gurudumu au pembe ya paa inayopaswa kumwaga maji. Na unapohitajika, bei yake iandikwe waziwazi katika mkataba. Katika hili ushauri wa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, wafaa kutafutwa mapema, kabla ya bei kupatanwa.

7. Daftari la karakana

Nashauri kila chama chenye karakana kifungue karatasi ya kazi kwa kila agizo, yenye mambo haya:

(i) Jina la kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na fundi aliyekabidhiwa.
(ii) Eneo la uso kwa mita za mraba, likigawanywa katika sehemu tatu: bapa, mpindo wa njia moja, na mpindo wa njia mbili.
(iii) Namba ya kiolezo na mahali kilipowekwa.
(iv) Mabamba yaliyotolewa bohari, kwa idadi na kwa kilo, pamoja na sahihi ya mtoaji na mpokeaji.
(v) Uzito wa kazi iliyokamilika, kabla ya puti na rangi.
(vi) Uzito wa vipande vilivyoharibika, pamoja na sababu.
(vii) Uzito wa mabaki yaliyorudishwa bohari.
(viii) Vitu vidogo vilivyotengenezwa kwa mabaki, na namba za stakabadhi za mauzo.

Jumla ya (v), (vi), (vii) na (viii) yapasa ikaribie sana uzito wa (iv). Upungufu wa gramu chache ni wa msasa na wa mikato. Upungufu wa kilo uulizwe. Baada ya kazi kadhaa, chama kitajua chenyewe ni kiasi gani cha nyongeza kinachohitajika kwa kila aina ya uso. Katika kazi niliyoieleza, kilo 98 za uso zilidai kilo 140 za bamba, bila kuhesabu zilizoharibika. Msiichukue tarakimu hiyo kuwa sheria. Ni ya lori lile na mikono ile. Pimeni yenu.

Na kwa wakaguzi wenzangu nasema hivi: kabla ya kuandika kwamba kitu hakina maelezo, tuhakikishe kwamba maelezo yaliombwa, na yaliombwa kwa mwenye kuyajua. Kalamu ya mkaguzi nayo ni nyundo. Ikipiga pasipostahili huacha bonde.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Taja vitu vitatu vya chuma vilivyopo katika chama chenu. Kipi kina mpindo wa njia moja, na kipi cha njia mbili? Thibitisheni kwa karatasi.

2. Chukueni kibuyu. Onyesheni mahali ambapo bamba lingehitaji kukusanywa ukingoni, na mahali ambapo lingehitaji kutanuliwa.

3. Chama kimepewa kazi ya bei moja yenye madigadi mawili ya mviringo. Ni mambo gani Bodi iyajue kabla ya kutia sahihi mkataba?

4. Bamba moja la milimeta 1.2 lina kilo 28. Mabamba matano yalitolewa bohari. Kazi iliyokamilika ina kilo 95, vilivyoharibika kilo 12, na mabaki kilo 30. Je, pana upungufu? Mngeuliza nini, na mngemuuliza nani kwanza?

5. Vijana wa mafunzo watumieje mabaki kwa faida yao na ya chama bila kuvunja utaratibu?

6. Katika chama chenu, mtu anayetuhumiwa husikilizwa wakati gani: kabla au baada ya kunyang'anywa kazi? Mkutano ujadili na uandike maazimio yake.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika